Miguu Mirefu Juu ya Pikipiki

Mtu mrefu akiazima baiskeli ya mtu mfupi, jambo la kwanza afanyalo ni kutafuta spana. Hulegeza nati iliyo chini ya kiti, huvuta nguzo ya kiti juu vidole vitatu au vinne, hukaza, huenda zake. Hakuna aliyemfundisha, magoti yake ndiyo yaliyomfundisha. Lakini mtu yule yule akinunua pikipiki huipokea jinsi ilivyotoka dukani, huipanda miaka mitano magoti yamekunjwa kama ya panzi, na akiulizwa hujibu, "Ndivyo pikipiki zilivyo."

Sisi hatukubali. Pikipiki nyingi tuzionazo katika njia za Kirungu, TVS, Boxer, Haojue na jamaa zao, asili yake ni India na China, nazo hupimwa kwa mtu wa kimo cha kati, kama fundi cherehani ashonavyo mashati ya sokoni asiyemjua atakayeyavaa. Mwenye urefu wa mita 1.65 hukaa vema. Mwenye mita 1.85 au 1.90 hukaa kwa taabu, wala taabu hiyo si ulegevu wake. Na kwa kuwa pikipiki haina nguzo ya kiti kama baiskeli, watu hudhani hakuna la kufanya.

Tena si habari ya starehe tu. Fikirini kijana atelemkaye kutoka Kirungu kwenda bandarini Moba asubuhi baada ya mvua ya usiku, na nyuma yake amekaa mama mwenye mtoto mgongoni. Goti lililokunjwa sana kwa muda mrefu hufa ganzi, na mguu uliokufa ganzi ni mzito kuitika. Pikipiki iendayo kilometa 40 kwa saa hupita mita 11 katika sekunde moja. Nusu sekunde ya kutafuta kanyagio la breki (au la freni, kama wengi wetu tusemavyo huku) ni mita tano na nusu zilizopotea kabla kazi ya kusimama haijaanza. Mbuzi huvuka njia katika nafasi ndogo kuliko hiyo.

Basi na tutazame chombo chenyewe. Mpandaji hushikana na pikipiki mahali patatu: kitini, kwenye usukani, na kwenye vile vyuma viwili vya miguu vilivyotokeza chini ya injini kulia na kushoto. Mtu mrefu huona maumivu gotini, naye husema mara moja, "Vyuma vya miguu viko juu mno, vishushwe." Humpelekea fundi wa kuchomelea, huyo hukata, huchomelea, na kazi imekwisha kabla ya jua kuwa utosini. Kwa maoni yetu kazi hiyo ingekuwa ya mwisho kabisa, maana mara nyingi ugonjwa u mahali pengine.

Mahali pa kwanza ni mzigo. Abiria wawili na gunia la maharage kutoka milima ya Marungu humsukuma mwendeshaji mbele mpaka akalie karibu na tangi. Hapo makalio yake yamesogea juu ya vyuma vya miguu, magoti hayana pa kwenda ila juu na nje, na akikata kona usukani humgonga gotini. Mtu wa namna hiyo hata akishusha vyuma hatapata nafuu. Ahitaji sentimeta kumi za kiti, nazo amezipangisha kwa abiria wa pili. Twajua kwamba abiria wa pili ni fedha, na fedha haziokotwi njiani. Lakini mwenye miguu mirefu akumbuke kwamba nafasi ile aiuzayo ni nafasi ya mguu wake wa breki.

Kisha afanye jaribio. Pikipiki isimame wima mahali tambarare, rafiki aishike. Mwenyewe akae kama akaavyo safarini, miguu juu ya vyuma, na mtu wa tatu amtazame kutoka ubavuni. Goti likikunjwa kama pembe ya mraba ya seremala, au likifunguka kidogo kuliko hapo, hakuna la kutisha. Likibanwa kuliko pembe ile, na paja likipanda juu toka kiunoni hata gotini, hapo pana kazi. Azungushe usukani mpaka mwisho, kulia na kushoto, aone kama wamgusa goti. Halafu, na hili ndilo watu wengi hulisahau, atazame vidole vya miguu.

Maana mtu mrefu kwa kawaida ana wayo mrefu pia. Mguu wa kushoto, kwenye pikipiki hizi ndogo, umefungwa kati ya ncha mbili za kanyagio la gia, moja ya vidole na moja ya kisigino. Mwenye kiatu namba 45 mguu wake hauenei hapo. Ataupinda nje, na kupinda mguu nje saa nzima huumiza goti kuliko urefu wa mguu wenyewe. Mguu wa kulia nao huangukia juu ya kanyagio la breki bila kujua. Breki ya nyuma hukamatwa kidogo kidogo njia nzima, ngoma ya gurudumu hupata moto, viatu vya breki huisha kabla ya wakati, na taa nyekundu huwaka daima, hata aliye nyuma hajui ni lini mwenzake asimama kweli. Twasikia wengi wakilaumu viatu vya breki vya bei rahisi. Wangetazama kwanza viatu vyao wenyewe.

Dawa yake haina gharama. Kanyagio la gia limevikwa juu ya mhimili wenye meno madogo madogo na kubanwa kwa boliti moja. Fungua boliti ile uitoe kabisa, vuta kanyagio nje, lizungushe jino moja tu, lirudishe, kaza. Jino moja latosha mara nyingi. Ukizungusha matatu utalazimika kuinua goti zima kubadili gia, nawe utakuwa umetoka shimoni kuingia mtaroni. Wengine hukata ile ncha ya kisigino. Twaona si vibaya kwa mwenye wayo mrefu, bali ajue hatapata tena njia ya kupandisha gia kwa kisigino.

Upande wa breki kuna boliti ndogo ya kuzuia kanyagio, ambayo huamua kimo chake, na nyuma kwenye gurudumu kuna nati iliyo mwishoni mwa fimbo ya breki. Shusha kanyagio kidogo kwa boliti ile mpaka wayo utulie juu ya chuma cha miguu bila kuligusa. Kisha rekebisha nati ya nyuma: kanyagio lishuke milimita 20 hadi 30 hivi kabla ya breki kuanza kushika. Nyanyua gurudumu, lizungushe kwa mkono. Lizunguke bila kukwaruza. Mwisho tazama swichi ya taa ya breki, maana ukishusha kanyagio nayo huhitaji kurekebishwa. Kazi yote haifiki saa moja.

Goti likiwa bado limebanwa, ndipo inakuja zamu ya kiti. Kwa mtu mrefu tunapendelea kuinua kiti kuliko kushusha vyuma, kwa kuwa mguu haujali kama umepata nafasi juu au chini, lakini njia hujali sana. Fundi wa viti hufungua ngozi ya kiti, huongeza sponji ngumu ya sentimeta tatu hadi tano, hufunika tena. Sponji laini ya godoro haifai, kwani baada ya mwezi mmoja imelala kama chapati. Na iongezwe mahali pa mwendeshaji, tena ibaki bapa. Kiti kikiinama mbele kitamtelezesha kwenye tangi, na taabu itakuwa ile ile ya kwanza. Anayepanda kiti kirefu huona mbali zaidi njiani, faida ambayo hakuilipia.

Kiti kikipanda, usukani huwa kama umeshuka. Legeza boliti nne zinazoubana, uzungushe kidogo kuuleta juu na nyuma, kaza kwa zamu, moja mbele na moja nyuma. Kisha washa injini, zungusha usukani mpaka mwisho pande zote mbili. Sauti ya injini ikipanda yenyewe wakati wa kuzungusha, waya wa mafuta umevutwa. Usiende popote na pikipiki hiyo mpaka waya upate nafasi.

Sasa tuje kwenye vyuma vya miguu. Katika pikipiki nyingi ndogo vyote viwili ni vya chuma kimoja kipitacho chini ya injini na kufungwa kwa boliti nne. Kukishusha si vigumu, na ndiyo maana watu hukimbilia huko. Lakini hesabuni yote yanayokaa karibu nacho. Mara nyingi mguu wa kuegeshea umeshikwa hapo hapo. Chuma kikishuka, nao hubadilika, na pikipiki huegemea vibaya. Kulia kuna chuma cha kupigia kiki, kinachopita karibu sana na pale uwekapo mguu. Kuna bomba la moshi, na ndama ya mguu ikisogea kwake, kovu lake halifutiki. Juu ya hayo kuna njia zetu. Mahali ambapo maji ya mvua yamechimba mfereji kati ya alama mbili za magurudumu ya lori, chuma cha miguu kilichoshushwa sentimeta tano hukwaruza ukuta wa mfereji, au hupiga jiwe na kumtupa mtu. Watengenezaji waliviwekea baadhi ya vyuma hivi bawaba na springi ili vikunjike vinapogonga. Aliyechomelea chuma chake kikawa kitu kimoja ameondoa rehema hiyo.

Kuhusu kuchomelea, na tuseme wazi. Mwendeshaji anaposimama juu ya vyuma njiani penye mashimo, uzito wake wote u pale, na gurudumu likianguka shimoni uzito ule huongezeka kwa kishindo. Mchomeleo ulioungua au usioingia ndani hukatika saa hiyo hiyo, wala hautoi habari mapema. Mwenye lazima ya kushusha, ashushe sentimeta mbili au tatu, kwa vipande vya chuma kizima vilivyotobolewa na kufungwa kwa boliti ndefu zaidi, zenye alama ya 8.8 kichwani, zisizo za mabati. Kanyagio la breki na la gia zishushwe kadiri ile ile, la sivyo yote tuliyoyaeleza juu yataanza upya.

Wapo wanaotoa mipira iliyovikwa vyuma vya miguu ili wapate sentimeta moja. Tusingewashauri. Mpira ule hunyonya mtikisiko wa injini, na chuma kitupu cha mviringo huteleza mvuani. Pikipiki za njia mbaya, kama Yamaha AG 100 iliyotengenezwa kwa ajili ya mashamba, zina vyuma vipana vyenye meno, ambavyo hushika kiatu katika matope. Lakini hivyo vyataka kiatu cha ngozi, wala havimfai avaaye kandambili. AG hiyo ina miguu ya kuegeshea pande zote mbili. Huo ndio utengenezaji tunaousifu, wa mtu aliyefikiri kwanza mahali chombo kitakapolala.

Mwaka 1917, Stefano Kaoze alipopewa upadre hapa, mahali palipoitwa Baudouinville wakati ule, mtu wa miguu mirefu alihesabiwa kuwa na bahati, maana safari nyingi zilikuwa za kutembea. Si haki miguu ile ile leo iwe adhabu.

Kazi ikiisha, endesheni kwanza bila abiria. Nendeni mpaka mwisho wa mji na kurudi, mkisimama juu ya vyuma penye mashimo, mkikamata breki ya mguu mara kumi mahali patupu. Baada ya kilometa mia kazeni boliti zote tena, kwa kuwa hulegea mwanzoni. Na kama pikipiki ni ya nyumba nzima, mdogo mtu aikalie kabla ngozi ya kiti haijashonwa: miguu yake isipofika chini, sponji ipunguzwe sentimeta moja au mbili, na kaka yake mrefu avumilie zilizobaki.