"Jaribu Tena" Si Jibu Mtandao Ukikatika

Tuko soko la mifugo la Garissa, saa nne asubuhi. Wameshapatana bei ya ng'ombe, wameshikana mikono, na mnunuzi anatuma 45,000. Anaweka PIN, skrini inazunguka, halafu kimya. Mara ujumbe: "Muamala haujakamilika. Jaribu tena." Anajaribu tena. Dakika kumi baadaye jumbe mbili zinaingia pamoja, na 90,000 zimetoka. Muuzaji naye ashapanda lori kurudi upande wa Balambala, na simu yake haipatikani.

Mfano huu tumeutunga, lakini yeyote aliyewahi kupokea simu za wateja anaujua. Kawaida mteja ndiye hulaumiwa: mbona ulirudia? Sisi tunasema kosa lilianza kwenye ule ujumbe.

Wengi wetu dawati hili tulisomea masoko, si kompyuta, kwa hivyo tulikaa na vijana wa programu watueleze. Ombi lako likifika kwetu, mfumo hufungua soketi, yaani njia ya mazungumzo kati ya kompyuta yetu na ile ya benki. Njia hiyo ikikatika katikati, skripti ya Python hupata kosa linaloitwa BrokenPipeError, bomba limevunjika, au ConnectionResetError. Programu isipolishughulikia, inaanguka. Ikilishughulikia vibaya ni balaa zaidi, kwa sababu inachukulia kwamba bomba likivunjika basi pesa hazijatoka. Hata itifaki ya TCP, iliyoandikwa rasmi mwaka 1981, kazi yake ni kufikisha data kwenye mashine ya pili. Haisemi kama benki imeshaandika kwenye daftari lake.

Ni kama umempa dereva wa Modogashe bahasha ya pesa ampelekee mama, halafu simu ya dereva ikazimika. Huwezi kusema bahasha haijafika. Na hakika hutatuma ya pili jioni hiyo hiyo.

Dawa ipo na si mpya. Kila ombi lipewe namba yake ya kipekee kabla halijaondoka. Mashine ikilirudia kwa namba ileile, benki inaona hili nishalilipa, na inarudisha jibu la kwanza. Lakini wewe ukianza upya kwa kidole chako, hilo ni ombi jingine lenye namba nyingine, na kinga yote imeisha. Ndiyo maana tunashikilia kwamba kurudia ni kazi ya mashine, na ujumbe kwa mteja useme wazi: "Bado hatuna jibu. Usirudie. Tutakujulisha."

Kuna wenzetu wasioupenda ujumbe huo. Wanasema unatia wasiwasi, na kusema kweli hata sisi chuoni tulifundishwa mteja anataka uhakika. Lakini ukiandika programu ukiwa Nairobi penye faiba, kukatika kwa mtandao ni ajali ya nadra. Huku ni hali ya kawaida. Garissa, Wajir na Mandera milingoti ya simu imelipuliwa na al-Shabaab zaidi ya mara moja, na mahali penye mlingoti mmoja tu, ukianguka hakuna wa kukusaidia. Mteja wa huku ashazoea mtandao kupotea. Asichoweza kuzoea ni kudanganywa kwamba pesa hazijatoka.

Kwa sasa, kabla hujarudia, angalia salio na taarifa ya miamala. Salio likiwa limeshuka, usirudie. Likiwa halijashuka, subiri kidogo uangalie tena, maana jibu linaweza kuchelewa. Zikitoka mara mbili, pigia huduma kwa wateja hapo hapo, kabla aliyepokea hajazitoa kwa ajenti. Na ukiwa sokoni, muombe mzee aliyekuuzia ng'ombe anywe shaah glasi moja zaidi, lori litamngoja.