Chombo Kisiondoke Mwaloni Bila Choo

Ndugu zangu wa Ukerewe, Ukara, Kome, Goziba na mialo yote ya Ziwa Victoria, pamoja na nyinyi mnaopanda boti kwenda sokoni Mwanza au Musoma na kurudi jioni, nina ombi kuhusu jambo ambalo kwa kawaida tunalisema kwa kucheka au kwa kunong'ona. Naomba kila chombo kinachobeba watu kiwe na choo, hata kama chombo chenyewe ni mtumbwi wa mbao wenye mashine moja.

Mtumbwi wa dagaa huondoka jua likizama. Ndani yake mna watu wanne au watano, taa, nyavu, mafuta, maji ya kunywa na unga wa ugali. Hurudi alfajiri. Kwa muda wote huo watu wazima, wenye matumbo kama yetu, hawana pa kujisaidia isipokuwa ukingoni. Mwenye haja ndogo husimama gizani, mkono mmoja umeshika suruali, mawimbi yanakisukasuka chombo, na wenzake wanavuta wavu wakiwa wamempa mgongo. Akiteleza, huenda wasijue mpaka wamwite asiitike. Sijataja ugonjwa wowote bado, na tayari hapo pana sababu ya kutosha ya tajiri wa mtumbwi kununua ndoo.

Kwenye boti za abiria mzigo wanaubeba zaidi akina mama. Anayejua kwamba safari ni ya saa tatu huacha kunywa maji tangu asubuhi, juani, na mtoto mgongoni. Mjamzito hata akiacha kunywa, haja haimsikilizi. Sisi wanaume tunalijua hili vizuri, ila tunatazama upande wa pili na kuzungumzia upepo.

Najua jibu litakalokuja: ziwa lina kilomita za mraba 68,800, haja ya watu watano ina uzito gani? Nakubali kwa sehemu. Mayai ya kichocho cha tumbo, yanayotoka na haja kubwa ya mgonjwa, yakiangukia kilindini ni nadra kupata konokono wa kuyapokea, kwa sababu konokono hao wengi wanaishi kwenye maji ya kina kifupi, penye majani na utulivu. Shida ni kwamba haja haingoji kilindi. Humpata mtu alfajiri, mtumbwi ukikaribia mwalo, au wakati chombo kimetulia ghubani kikisubiri wachuuzi. Hapo konokono wapo. Yai likigusa maji yasiyo na chumvi huanguliwa, mdudu wake humtafuta konokono, na konokono mmoja baadaye hutoa vidudu maelfu vinavyopenya ngozi ya yeyote aliyesimama majini: mtoto anayeoga, mama anayefua, mvuvi anayeshusha dagaa. Dawa ya praziquantel tunaimeza na inatibu, kisha tunarudi majini na kuambukizwa upya.

Kipindupindu nacho hakihitaji konokono, kinahitaji kikombe tu. Mwaka 2015 wakimbizi kutoka Burundi walipojazana Kagunga, kwenye ufuko mwembamba wa Ziwa Tanganyika, bila vyoo vya kutosha na maji ya kunywa yakiwa ni ya ziwa hilohilo, kipindupindu kililipuka pale. Ziwa lile lina kina kikubwa kuliko letu, lakini watu walikuwa wakinywa ya ukingoni. Na sisi ndivyo tunavyofanya, tunachota palepale mitumbwi inapoegeshwa. Mwanza huyavuta maji Capri Point, Shinyanga na Kahama hupelekewa kutoka Ihelele, na hao angalau wana mitambo ya kuyasafisha. Mwanakijiji wa Goziba ana ndoo yake.

Tusisubiri sheria kutoka nje ije kutusukuma. Mkataba wa kimataifa wa MARPOL, katika kiambatisho chake cha nne, unazibana meli za safari za kimataifa zenye tani 400 au zaidi, na zile ndogo zaidi zenye cheti cha kubeba watu zaidi ya 15. Mtumbwi wetu haumo. Lakini nchi hii imewahi kuchimba vyoo kwa kuhimizana. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya wanavijiji kuzunguka redio, wakasikiliza, wakajadiliana, kisha wakashika majembe. Miaka ya karibuni tumeimba Nyumba ni Choo. Mvuvi anayelala mtumbwini usiku kucha, nyumba yake ya usiku ni ipi?

Sasa tuchague. Kwa mtumbwi wa uvuvi mimi sishauri kitu cha duka kubwa. Ndoo ya lita 20 yenye mfuniko wa kukaza inatosha, pamoja na kiti cha mbao au cha plastiki kinachokaa juu yake, na mfuko wa pumba za mpunga, maranda au majivu makavu. Kila anayemaliza hufunika kwa vikombe viwili vya pumba. Harufu hupungua sana, inzi hawafuati. Siri ya ndoo ni kwamba mkojo usiingie humo kadiri inavyowezekana, kwa sababu mchanganyiko wa viwili hivyo ndio unaonuka na ndio unaojaza. Mkojo uwe na dumu lake la lita tano lenye faneli na kizibo. Ukifanya hivyo, ndoo moja itawatosha watu wanne usiku kadhaa. Dumu hilo ndilo pia litakalomwondoa mtu ukingoni, kwa kuwa anaweza kulitumia akiwa amepiga magoti ndani ya mtumbwi.

Boti ya abiria inahitaji zaidi, na hapa kile choo cha kubebeka chenye matangi mawili kina kazi. Tangi la juu lina maji ya kusukumia na kiti, la chini linapokea uchafu, katikati pana kilango kinachofungwa barabara. Ukifika unafungua vibano, unabeba tangi la chini peke yake kama sanduku na kwenda kulimwaga. Mnapokinunua, angalieni mpira wa kilango na vibano kabla ya rangi. Angalieni pia uzito, kwani lita 20 zikijaa ni kilo 20 na zaidi, na mtu atazibeba akikanyaga ubao unaotikisika. Tangi kubwa ambalo hakuna awezaye kulishusha ni hasara.

Kuna hesabu moja ambayo watengenezaji wa vyoo hivi hawakuifanya kwa ajili yetu. Walimfikiria mtu wa karatasi, na sisi wengi tunachamba kwa maji. Haja ndogo ni kama theluthi ya lita, maji ya kusukumia mengine kama hayo, na kopo la kuchambia nusu lita. Kila anayeingia anaacha zaidi ya lita moja, kwa hiyo tangi la lita 20 limejaa baada ya watu kumi na sita au kumi na saba, ilhali tangazo la dukani linaahidi mara nyingi zaidi. Sisemi tuache kuchamba, hasha. Nasema wekeni birika lenye mdomo mwembamba badala ya kopo, na mwenye boti ahesabu abiria wake kabla ya kuhesabu lita.

Choo kikishapatikana kifungwe. Mahali pake ni chini na karibu na katikati ya chombo, ambapo mawimbi hayarushi sana, kimefungwa kwa mikanda kwenye mataruma. Kisikae omo kwa sababu tu pana nafasi. Kizungushiwe turubai au kitenge kizito, tena lisiwe pazia la kuonyesha kivuli cha mtu kwenye jua. Ndoo ya choo iwe ya rangi yake, ijulikane mwalo mzima, isije ikatumika kukumba maji au kupakia dagaa. Pembeni pawe na kibuyu chirizi na sabuni, maana mikono hiyohiyo itamega ugali.

Matunzo mengine ni machache. Tangi lisijazwe mpaka juu. Kwenye jua hewa ndani yake hupanuka, na anayefungua kilango kwa pupa atajuta yeye na jirani yake, kwa hiyo fungueni kitundu cha hewa kwanza. Mpira wa kilango upakwe mafuta ya silikoni, sio mafuta ya mgando, ambayo huuharibu. Jiki isimiminwe kwenye tangi lenye mkojo, kwani hutoa hewa ya sumu inayobana kifua. Na mkinunua dawa za kuzuia harufu, epukeni zenye fomalini kama mtamwaga kwenye shimo la maji taka. Dawa hiyo huua hata vijidudu vinavyosaidia uchafu kuoza.

Kazi ya kumwaga iwe ya zamu, nahodha naye yumo. Ikiachwa kwa kijana mdogo kuliko wote, mwisho wake ni ziwani usiku, na nani atamlaumu?

Hapo ndipo penye wito wangu hasa. Chombo chaweza kuwa na choo kizuri kuliko cha hotelini, lakini kikifika mwaloni pasipo na pa kumwaga, uchafu utarudi majini, tena mwingi kwa mkupuo mmoja na palepale watu wanapochota. Anzeni na nchi kavu. Kila mwalo uwe na choo kimoja chenye mdomo mpana wa kumwagia ndoo na matangi, sakafu inayooshwa, na maji ya kusuuzia ambayo nayo yanaingia shimoni. Kiwe angalau mita 30 kutoka majini. Tafadhali msipimie ufuko wa leo. Mwaka 2020 ziwa lilipanda likameza fukwe na nyumba. Wazee wa mwalo wanaijua alama ya maji yale, basi mita 30 zihesabiwe kuanzia hapo. Penye mwamba usiochimbika, jengeni choo cha kuinuliwa kwa tofali.

Halmashauri zinazotoza ushuru wa dagaa mialoni zinaweza kutenga sehemu ya ushuru huo kwa saruji. Wakaguzi wa vyombo vya majini kutoka TASAC wanapohesabu majaketi ya kuokolea kwenye boti ya abiria, waulize na choo kiko wapi na humwagwa wapi. Nawe abiria, uliza kabla ya kulipa nauli. Ukiuliza peke yako utachekwa, mkiuliza watu kumi mwenye boti atakwenda dukani.

Nanyi viongozi wa BMU, vikundi vya usimamizi wa mialo, mbalamwezi ijayo, dagaa wakiwa hawavuliki na mitumbwi imevutwa mchangani, wavuvi wote watakuwa nyumbani wakishona nyavu. Iteni kikao siku hizo. Ajenda ya kwanza iwe mahali pa kumwagia: nani ana eneo, nani ana tofali, nani atashika ufunguo na atalipwa kutoka mfuko gani. Ndoo, kiti na pumba za mpunga tajiri wa kila mtumbwi atazipata ndani ya siku moja mkishakubaliana hilo.