Mwaka 1892: Imani Iliyotufikia Ikikimbia



Kila tuadhimishapo historia ya Kanisa la Bukoba hutajwa mwaka 1892, ilipoanzishwa misheni ya Kashozi, isiyo mbali nasi wa Rubafu. Mwaka huo twaujua vema. Lakini ni mara chache tunajiuliza walioianzisha walitoka wapi, na kwa nini walikuja. Ukweli ni kwamba walikuwa wakimbizi.

Tarehe 24 Januari 1892, huko Mengo katika Buganda, Wakatoliki na Waprotestanti walipigana. Kapteni Lugard, wa kampuni ya Kiingereza, aliwagawia Waprotestanti bunduki na kuwasaidia kwa silaha ya Maxim. Wakatoliki wakashindwa. Kabaka Mwanga, aliyekuwa upande wao, alikimbia. Askofu Jean-Joseph Hirth na wengi wa waumini wake wakashika njia ya kusini. Upande huu wa mpaka ulikuwa chini ya Wajerumani, ambao kituo chao cha Bukoba kilianzishwa na Emin Pasha mwaka 1890, na mkono wa Lugard haukufika huku. Ndivyo Kashozi ilivyozaliwa.

Tuone kwanza aibu yake. Tarehe 3 Juni 1886, Wakatoliki na Waanglikana walikufa pamoja motoni Namugongo kwa ajili ya Kristo mmoja. Haikutimia miaka sita, ndugu zao wakaelekezana mitutu ya bunduki. Dini ilipogeuzwa kuwa chama cha kugombea madaraka, damu ya mashahidi ilisahauliwa upesi.

Pili, tuwakumbuke wenyeji. Katika miaka hiyo sotoka ilikuwa imefyeka ng'ombe katika nchi za Maziwa Makuu. Na kwetu Buhaya, bila samadi kibanja hudhoofu. Wageni hawakuikuta nchi ya shibe. Watawala wetu nao hawakuwa wepesi kuipokea dini mpya. Hata hivyo, wakimbizi walipata mahali pa kukaa, na kutokana nao wengi wetu tumerithi ubatizo wetu. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Kutoka huku imani iliendelea mbele. Mwaka 1900 Askofu Hirth, akifuatana na makatekista wa Kiganda, aliingia Rwanda, na misheni ya Save ikafunguliwa. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wa Rwanda nao walivuka daraja la Rusumo kwa makundi makubwa, wakaingia Ngara. Miongoni mwao walikuwamo wenye hatia ya damu. Walikuwamo pia watoto wachanga na vikongwe. Mwaka 2013, katika Operesheni Kimbunga, mkoa wetu ulishuhudia watu wakirudishwa makwao, wakiwamo walioishi kati yetu miaka mingi, wakaoa na kuolewa hapa.

Hatukatai kwamba serikali ina haki ya kulinda mipaka, wala kwamba mhalifu hana budi kukabidhiwa kwa sheria. Tunachokataa ni jirani kumwita jirani yake mhamiaji haramu kwa sababu anakitamani kibanja chake. Tunakataa mjane kuulizwa kabila lake kabla ya kuulizwa kama amekula. Neno moja lisemwalo kwa husuda kilabuni laweza kuitawanya familia nzima.

Kwa hiyo tunawasihi viongozi wa jumuiya ndogondogo: shutuma ya namna hiyo inapoletwa mbele yenu, chunguzeni kwanza kama nyuma yake hakuna ugomvi wa shamba au wa urithi. Msikilizeni anayeshutumiwa akiwapo mwenyewe. Asipokuwa na mtu wa kumsemea, msindikizeni ofisini.

Waisraeli waliamriwa wasimwonee mgeni, kwa kuwa wao wenyewe walikuwa wageni Misri. Sisi nasi tuna Misri yetu: ni Kashozi ya mwaka 1892. Anayemfukuza mkimbizi kwa hila anaitukana njia iliyomletea yeye mwenyewe Injili.