Utabiri wa Hewa Milimani Uanzie Shuleni

Msafiri apitaye Kifaru, wilayani Mwanga, katika barabara kuu iendayo Same, huweza kuona wingu zito limetanda juu ya Milima ya Upare, ilhali barabarani vumbi latimka. Umbali baina ya sehemu hizo mbili ni kilometa chache tu. Hata hivyo, tahadhari za hali ya hewa kwa kawaida hutaja mkoa mzima. Tahadhari hizo zina manufaa makubwa, lakini kwa wakazi wa milimani peke yake hazitoshi.

Sababu yake hufundishwa katika fizikia ya sekondari. Pepo zitokazo Bahari ya Hindi huleta unyevu, na zikutanapo na milima hulazimika kupanda. Hewa ipandayo hutanuka na kupoa kiasi cha nyuzi 10 za sentigredi kwa kila meta 1,000. Mvuke unapogeuka kuwa wingu hutoa joto fiche, na kupoa huko hupungua hadi nyuzi 6 hivi. Mvua ikisha kunyesha, hewa hushuka upande wa magharibi ikipata joto kwa kiasi kile cha nyuzi 10. Ndiyo maana huifikia tambarare ya Same na Kifaru ikiwa kavu na yenye joto.

Kutojua tofauti hizo kwaweza kugharimu maisha. Mnamo Novemba 2009, mvua kubwa ilileta maporomoko ya udongo katika kijiji cha Goha, wilayani Same, na watu zaidi ya 20 walifariki. Mvua ya milimita 100 humwaga tani 1,000 za maji juu ya kila hekta. Mteremko mkali uliokwisha kulowa huenda usiuhimili mzigo huo. Kwa hiyo haitoshi kujua kwamba mvua itanyesha. Hapana budi kujua pia ni kiasi gani kimekwisha kunyesha mahali pale pale.

Kituo cha Same hakiwezi kupima mvua ya kila bonde. Shule za sekondari zaweza. Kopo lenye kuta zilizonyooka, likiwekwa mahali pa wazi, pamoja na rula na daftari, latosha kuanzia. Kipimo kisomwe kila siku saa tatu asubuhi, pasipo kuruka Jumapili wala likizo. Shule ya tambarare na ya mlimani zilinganishe daftari zao, na mvua ikizidi kwa siku mfululizo, uongozi wa kijiji uarifiwe.

Wako watakaosema kwamba vipimo vya wanafunzi haviaminiki. Lakini kipimo chenye kosa dogo, kilichochukuliwa kila siku, ni bora kuliko kutokuwa na kipimo chochote.

Aidha, daftari hilo litamfundisha mwanafunzi kutochanganya hali ya hewa ya siku chache na tabia ya nchi. Theluji mpya ya Kibo huweza kuanguka leo na kutoweka baada ya siku chache; barafu ya kudumu ya mlima huo ilipungua kwa asilimia 85 hivi kati ya 1912 na 2007. Jambo la kwanza lajulikana kwa kutazama. La pili kwa kupima miaka mingi. Maisha ya watu wa mteremkoni yahitaji yote mawili.