Alama 72 za Mlimani na za Makerere

Mwanafunzi anayepata alama 72 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yaani Mlimani, ana A. Akizipata hizo hizo Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, ana B, kwa kuwa A ya huko huanzia 80. Na 45, inayomvusha wa Mlimani kwa C, Makerere ni kufeli. Mwajiri anayepitia maombi harakaharaka huona herufi tu, na kijana aliyestahili huwekwa kando. Huo ni uonevu, hata kama hakuna aliyeukusudia.

Kalenda nazo hazioani. Mkenya humaliza mtihani wa sekondari, KCSE, Novemba na kuingia chuoni Agosti au Septemba ya mwaka unaofuata. Mtanzania wa kidato cha sita hufanya mtihani Mei na kuanza chuo Oktoba au Novemba. Anayetaka kusoma muhula mmoja ng'ambo ya mpaka hukuta wenzake wameshafanya majaribio ya kwanza.

Hadi 1970, Dar es Salaam, Nairobi na Makerere vilikuwa Chuo Kikuu kimoja cha Afrika Mashariki. Mwaka 2017 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walitangaza eneo la pamoja la elimu ya juu. Tangazo hilo sasa lifike mezani kwa msajili wa kila chuo. Chuo kichapishe nyuma ya transkripti mizani yake kamili ya alama, pamoja na asilimia ya wanafunzi waliopata kila daraja. Hilo halingoji mkataba mpya. Lianze na wahitimu wa mwaka huu.