Njia za Pembeni za Damu Ubongoni



Kila mkazi wa Nakawa anajua yanayotokea barabara ya Jinja inapozibika. Dereva mwerevu hukata kona kuelekea Ntinda au Bugolobi. Hufika kwa kuchelewa, lakini hufika. Ubongo nao umejaliwa njia za namna hiyo, na wiki hii yafaa tuzizungumze, kwani huamua mengi kwa mgonjwa wa kiharusi.

Mara nyingi kiharusi hutokea damu iliyoganda inapoziba mshipa unaolisha ubongo. Sehemu ya katikati hufa upesi, bali ile inayoizunguka hubaki hai kwa muda, ikipokea damu kidogo kupitia mishipa ya pembeni. Mwaka 1664 daktari Mwingereza Thomas Willis alieleza duara la mishipa lililo chini ya ubongo. Juu yake imo mingine midogo zaidi. Kwa baadhi ya watu mishipa hiyo ni mipana, kwa wengine ni myembamba. Uzee, kisukari na presha ya muda mrefu huidhoofisha.

Zamani, ili kuiona vizuri, ilibidi mpira mwembamba upitishwe ndani ya mishipa mpaka shingoni. Siku hizi mgonjwa hulazwa katika mashine ya CT, akachomwa mkononi sindano ya dawa inayoonekana pichani. Kwa dakika chache daktari huona mahali palipoziba na damu inayopenya pembeni. Mashine ya MRI pia hufanya kazi hiyo. Kipo vilevile chombo cha mawimbi ya sauti, Dopla, kinachowekwa juu ya ngozi ya panja kupima mwendo wa damu.

Faida yake ni kubwa. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa kabla ya saa 4 na nusu kupita. Lakini uchunguzi wa Uholanzi uliotangazwa mwaka 2023 uliwachagua wagonjwa waliochelewa, kati ya saa 6 na 24, ambao picha zilionyesha kwamba njia zao za pembeni bado zinapitisha damu. Waliotolewa damu iliyoganda kwa mpira maalumu walipata nafuu kuliko wenzao. Tiba hiyo, hata hivyo, haipatikani katika kila hospitali.

Basi habari hii isiwe kisingizio cha kungoja. Hakuna ajuaye hali ya njia zake kabla ya kupigwa picha. Iwapo usiku, katika kambi ya Naguru au Mbuya, uso wa mzee umepinda, mkono umelegea au maneno yanamkwama, msingoje mapambazuko. Andikeni saa aliyoonekana mzima mara ya mwisho. Msimpe chakula, kinywaji wala aspirini, maana ni picha tu itakayoonyesha kama mshipa umeziba au umepasuka. Wala msimwongezee vidonge vya presha kwa kukisia: huenda presha hiyo ndiyo inayosukuma damu katika njia za pembeni. Mwachieni daktari aamue.

Leo hii, hali ikiwa shwari, baba na mama wa nyumba waulize ni hospitali gani yenye mashine ya CT inayofanya kazi, na ni nani mwenye gari usiku. Jibu lake libandikwe mlangoni.