Songwe Nayo Yastahili Kuimbwa

Mwanafunzi wa Tunduma akitakiwa kutunga shairi juu ya mvua, si ajabu akaandika habari za masika na vuli. Vina vitakuwa sawa na mizani itatimia. Kasoro ni kwamba mvua hiyo si ya kwao. Songwe haina vuli. Mvua yake ni ya msimu mmoja, huanza mnamo Novemba na kukoma mnamo Aprili, kisha hufuata miezi mirefu ya ukavu, pamoja na baridi ya Juni na Julai ambayo mgeni kutoka Dar es Salaam haisahau. Mtoto ameiona mvua kwa macho yake, lakini ameiandika kwa macho ya mtu wa Tanga.

Lawama isiwaangukie washairi wa pwani. Wao walitaja nanga, tanga, kusi na kaskazi kwa sababu ndiyo mambo yaliyowazunguka. Kosa ni letu sisi wa bara, tunaosafiri katika jahazi ambalo hatujapata kulipanda.

Mfano mwema tunao. Hayati Aniceti Kitereza alikamilisha mwaka 1945, kwa Kikerewe, hadithi ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Baadaye aliifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikachapishwa Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1980. Humo mna miti, dawa, uvuvi na kilimo cha Ukerewe, kila kitu kwa jina lake. Wapo wanaonong'ona kwamba kuandika juu ya kwenu ni kuchochea ukabila. Hoja hiyo ni dhaifu. Kitereza hakuipunguzia lugha ya Taifa kitu. Aliiongezea kisiwa kizima.

Na Mkoa wa Songwe, ulioanzishwa mwaka 2016, una nini cha kuandikwa? Wengi wetu huujua kwa foleni ya malori yaendayo Zambia. Lakini huko Ndolezi, wilayani Mbozi, kipo kimondo cha chuma kinachokisiwa kuwa na uzito wa tani 16. Huko Ivuna, katika bonde la Rukwa, watu walitengeneza chumvi kwa karne nyingi. Na hapo hapo, Desemba 16, 1938, liliangukia jiwe jingine kutoka angani, la aina adimu mno, hata wanasayansi wa dunia wakalitumia jina la Ivuna kuitambulisha aina hiyo. Mtaalamu wa Ulaya hulitaja jina hilo maabarani. Je, mwalimu wa Momba hulitaja darasani?

Upo pia Mto Songwe, mpaka wetu na Malawi, ambao mafuriko yakija huweza kuhama mkondo, na shamba la mwananchi likajikuta ng'ambo. Lipo Ziwa Rukwa lisilo na mto wa kutolea maji, linalotanuka na kunywea miaka hata miaka. Ipo kahawa ya Mbozi, ambayo mvua ikiishaigusa huchanua maua meupe yanukiayo mfano wa asmini. Mshairi anayetaka zaidi ya hayo ni mvivu tu.

Jambo hili lina haraka yake. Miombo hukatwa kwa mkaa na kwa mashamba mapya, na mti ukitoweka kilimani, jina lake hubaki kwa wazee wachache wa Kinyiha, Kinyamwanga, Kindali na Kiwungu. Afisa misitu anaweza kupanda miche, ila hawezi kuliotesha jina lililosahauliwa.

Kwa hiyo walimu wa Kiswahili wa Songwe wawatume wanafunzi wao kwa wazee, wakiwa na daftari, kabla ya mvua za Novemba, wakusanye majina ya miti, vilima, vijito na pepo, pamoja na visa vyake. Kisha watunge, kwa vina au bila vina. Maafisa utamaduni wa wilaya waziombe daftari hizo na kuzitunza mahali pakavu. Hakuna fungu la bajeti linalongojewa hapo.